Kilo Sabini na Nane za Kituo cha Pili

Katika mji ule kila aliyewahi kupanda ndege alikuwa amepimwa na Bi Kilo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia uzito wake ukitajwa mitaani. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alikuwa na kilo mia moja na kumi na nne. Mkewe alimpita kwa kilo tatu na mume hajui mpaka leo. Mwalimu mkuu, kwa ukali wake wote, alikuwa na hamsini na mbili, tena pamoja na koti. Bi Kilo aliyajua yote hayo akayafungia kifuani, na ndiyo maana hata wale ambao aliyaacha masanduku yao uwanjani waliendelea kumwamkia.

Ndege yenyewe ilikuwa ndogo, ya injini moja na viti kumi na viwili, na ndege ya namna hiyo haina mzaha. Abiria anapanda mzani na mkoba wake, mzigo wake unafuata, kila kilo inaandikwa kwenye karatasi ya uzito, na ikizidi hata moja, mtu au kitu kinabaki. Kwa hiyo Bi Kilo alibarikiwa na kulaaniwa kwa zamu, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa.

Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja cha bati kando ya kiwanja cha changarawe. Ndani mlikuwa na mzani wa kukanyagia ambao bamba lake lilikuwa limechakaa katikati kwa nyayo za watu, meza, redio ya upepo ya kuongea na vituo vingine, na ubao alioandika kwa chaki mwaka alioanza kazi, akawa anaukoleza kila maandishi yakififia. Ubao ulisema: Mji wa pili, kilomita 214. Kwenda, dakika 65. Kurudi, dakika 40.

Wageni hawakukosa kuuliza kwa nini kwenda ni mbali kuliko kurudi.

"Umbali ni ule ule," aliwajibu bila kuinua kichwa. "Upepo ndio wenye upendeleo."

Na kweli, upepo wa kaskazini kule uliamka na jua, ukavuma kutoka mji wa pili kuja kwao, kila siku ya Mungu. Ndege ikienda iliupasua kwa kifua, ikirudi ilisukumwa mgongoni. Kwa barabara ilikuwa habari nyingine kabisa. Katikati ya miji hiyo miwili kulikuwa na bonde ambalo hakuna aliyewahi kulijengea daraja, na barabara ililizunguka lote kwa kusini, kilomita mia saba kasoro, siku mbili kwa lori kama mvua haijanyesha. Wenye haraka waliruka. Bi Kilo mwenyewe hakuwahi kuruka hata mara moja, lakini aliwatia moyo waoga kwa uhakika wa rubani mkongwe. "Dakika chache tu," alisema. "Hata chai yako ya chupa haitapoa."

Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Mumewe, fundi wa magari, alifariki binti yao akiwa darasa la tatu, na kazi ya uwanjani aliipata kwa sababu alijua hesabu na hakuwaogopa wanaume wenye masanduku. Binti sasa alikuwa ameolewa, ana mtoto mmoja na mwingine njiani. Nyumbani Bi Kilo aliishi na dada yake mkubwa, mshonaji, ambaye hakuwahi kuolewa wala kulijutia hilo, na ambaye alikuwa na maoni juu ya kila jambo, hasa yale yasiyomhusu.

Sasa, habari ya Kituo cha Pili.

Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, ndege iwepo isiwepo, Bi Kilo alibonyeza kitufe cha redio akaita, "Kituo cha Pili, Kituo cha Pili, hapa Kituo cha Kwanza." Kutoka ule mji wa pili, sauti ya mwanamume ikajibu, nzito, isiyo na haraka: "Kituo cha Kwanza, nakusikia vizuri." Wakapeana hali ya hewa, idadi ya abiria, kilo. Kazi ya dakika tatu, basi. Lakini baada ya hesabu kila mmoja aliongeza sentensi moja isiyo ya kazi. Hakuna aliyekumbuka nani alianza.

"Huku ukungu umefunika hata mlango wa choo," alisema Bi Kilo siku moja.

"Leo nimenyoa, nimepungua gramu mia mbili," alisema mwanamume siku nyingine.

Binti alipofaulu mtihani, Bi Kilo alilitangaza hilo kwenye sentensi yake, na mwanamume akamjibu, "Ongeza kwenye karatasi ya leo: furaha, kilo mia." Bi Kilo alicheka mpaka abiria wakaanza kuutilia shaka mzani. Mwaka wa nne mwanamume alisema, "Leo ni miaka mitano tangu mke wangu afariki." Naye akajibu, "Wangu saba." Hawakuongeza neno, ila siku ile zile dakika tatu zilifika nne, na dakika ya nne nzima hakuna aliyesema kitu.

Kwa nini hawakuongea zaidi? Kwa sababu redio ile ilikuwa ya kaskazini nzima. Vituo vilikuwa sita, ukiongeza na marubani angani, na kila neno lilisikika kwa wote. Simu zilikuwepo, tusidanganyane. Lakini kumwomba mwanamume namba ya simu mbele ya vituo sita ni kujitangaza, na Bi Kilo alikuwa akisubiri aombwe yeye. Kumbe na mwenzake alikuwa akisubiri hivyo hivyo. Ndivyo watu wazima wawili, wenye akili zao timamu, walivyomaliza miaka kumi na moja.

Halafu ikafika Jumatano moja. Hesabu zilipokwisha, sauti nzito ikasema, "Ijumaa ndiyo siku yangu ya mwisho kazini. Jumamosi mwanangu anakuja kunichukua, nikaishi naye kusini."

Bi Kilo alijua kwamba mwenzake angestaafu mwaka ule, ila hakujua siku. Kwa kumuaga alikuwa ameshamwagizia seremala kiti chenye mikono, cha mti mgumu, na kiti kilikuwa pale nyuma ya mlango tangu wiki iliyopita. Alisema "Nimesikia" akaachia kitufe. Sentensi yake ya siku hiyo hakuisema. Kisha, kwa kuwa mikono yake ilizoea kufanya kazi hata moyo ukiwa haupo, alivuta karatasi ya ndege ya Ijumaa, akakipima kiti, kilo thelathini na nne, akakiandika kwenye nafasi ya mwisho iliyobaki. Wino ulipokauka ndipo alipoona alichokifanya. Ndege ya Ijumaa ilikuwa imejaa karatasi za mitihani na walimu wasimamizi. Kiti kitakwenda kwa Kituo cha Pili, yeye atabaki.

Mchana alirudi nyumbani, akaketi jikoni na mkoba bado begani. Dada yake alimtazama juu ya miwani.

"Una nini wewe? Umekaa kama abiria aliyeachwa."

Bi Kilo akamweleza. Dada yake akaiweka chini nguo aliyokuwa akiishona, jambo ambalo hakulifanya hata kwenye misiba.

"Sasa si uende."

"Ndege imejaa. Nimeijaza mwenyewe. Hakuna nafasi hata ya paka."

"Mshushe mtu."

"Dada, wale wanapeleka mitihani ya watoto. Nimshushe mtu kwa sababu ya..."

"Malizia."

Bi Kilo hakumalizia.

"Unaona," dada yake akasema. "Hata mimi huwezi kuniambia, na mlango umefungwa. Atakwenda kusini, utabaki unaongea na redio. Lori la vitunguu linaondoka saa nane. Ukilipanda utafika Ijumaa asubuhi."

"Siku mbili?"

"Umengoja miaka kumi na moja, siku mbili zitakushinda?"

Bi Kilo akapiga moyo konde. Akapiga simu makao makuu kuomba likizo, na mkuu wake, ambaye hakuwahi kusikia ombi la namna hiyo kutoka kituo kile, akamuuliza kwanza kama kuna msiba. Akapewa siku tano. Mlinzi wa uwanja, mzee mnene waliyemwita Kamanda, alikuwa ameshika mzani pembeni yake miaka mingi na aliujua. Saini ya karatasi ingewekwa na rubani, kama taratibu zinavyoruhusu mpimaji asipokuwepo.

"Redioni ukiulizwa, sema nina mafua," akamwambia Kamanda. "Usimwambie nakwenda. Nataka nimtokee tu."

"Mama, mimi kusema uongo sijui," Kamanda akasema, mtu ambaye kila Jumatatu alikuwa na bibi wa kumzika.

Safari ya lori sitaieleza yote, maana ni mashimo matupu. Bi Kilo alikaa mbele na dereva, mwanamume mwembamba mwenye meno mawili ya dhahabu, na kabla hawajamaliza saa ya kwanza alikuwa ameshamwambia kwamba gari limeelemea kushoto. Dereva akabisha. Kwenye mizani ya barabarani likakutwa limeelemea kushoto, na tangu hapo akamwita mwalimu. Alhamisi walizunguka lile bonde kutwa nzima. Ng'ambo ya pili, ambako ndege ingefika kwa dakika chache, walipata kuiona tu, ya buluu, haikaribii. Kiuno kilimuuma, vumbi lilimjaa hadi kwenye kope, na kila alipojiuliza anakwenda kusema nini alijikuta anahesabu magunia.

Ijumaa saa moja na dakika tano, zikiwa zimebaki kilomita chache kufika, wakasikia mngurumo. Ile ndege ndogo ilipita juu yao, chini chini, ikielekea mjini kwake.

"Simama," Bi Kilo akasema. Akateremka katikati ya barabara, akavua mtandio, akaupunga mpaka ndege ilipokuwa nukta. "Ile ni yangu," akamwambia dereva kwa fahari. "Inakwenda kwetu."

Alifika kituoni saa moja na nusu. Kilikuwa chumba cha bati kama chake, mzani kama wake, hata bamba lilikuwa limechakaa pale pale. Ndani alikuwemo mama mmoja wa usafi, mnene wa kucheka, anafagia.

"Habari za asubuhi, mama. Namtafuta Kituo cha Pili."

Mama wa usafi aliegemea fagio, akamwangalia tangu vumbi la juu hadi vumbi la chini. "Wewe ni nani?"

Jina lake halisi lingemsaidia nini yule mama? "Mimi ni Kituo cha Kwanza," akasema.

Fagio likaanguka. Mama wa usafi akajaribu kusema kitu, kicheko kikamzidi nguvu, akajibwaga kwenye mzani akikaa kitako. Mshale ukaruka hadi themanini na moja. Bi Kilo aliusoma kwa mazoea, akanyamaza nao.

"Dada yangu," mama wa usafi akasema alipopata pumzi, "mtu wako ameondoka na ndege ya saa moja. Amekwenda kwako."

"Kwangu wapi?"

"Kwako, kwenye mzani wako. Ana shati jipya, pasi nimempigia mimi. Kwenye karatasi amejiandika abiria, lakini redioni amejisoma mzigo, kilo sabini na nane, wa kukabidhiwa mkononi. Alitaka ufike kupokea mzigo umkute yeye. Walipomwambia una mafua, nusura aende kwa miguu. Anasema miaka yote hii hujawahi kukosa siku moja, basi lazima unakufa."

Bi Kilo akavuta kiti cha mezani akaketi. Akakumbuka alivyosimama barabarani akipunga mtandio. Alitaka kulia na alitaka kucheka, na kwa kuwa mama wa usafi alikuwa tayari ameshaanza la pili, akamfuata. Walicheka mpaka mbavu zikawauma. Kisha akili ikamrudia, akaanza kupiga hesabu.

Ndege inatua kwao saa mbili kasoro dakika ishirini, inaondoka kurudi saa mbili na dakika arobaini. Baada ya hapo hakuna ndege mpaka Jumatatu. Kesho mwanawe anafika hapa kumchukua. Lori la leo linafika keshokutwa. Kwa hesabu yoyote aliyoipiga, mwanamume asipopanda ndege ya leo, wamepishana, na labda kwa maisha.

Saa mbili kasoro dakika tano akabonyeza kitufe. Ilimlazimu ajiite mwenyewe.

"Kituo cha Kwanza, Kituo cha Kwanza, hapa Kituo cha Pili."

Ikajibu ile sauti, safari hii yenye haraka: "Hapa Kituo cha Kwanza. Nani huyo?"

"Nasikia kuna mzigo wa kilo sabini na nane. Umefika?"

"Umefika salama. Ila mpokeaji hayupo. Mlinzi alisema mafua. Sasa anasema alikosea kidogo, si mafua, ni lori."

"Mpokeaji yuko Kituo cha Pili."

"Siku mbili barabarani?"

"Siku mbili."

"Wewe..." akaanza mwanamume, akaachia kitufe. Kisha wote wawili wakabonyeza kwa wakati mmoja, na redio ile ukisema husikii. Walipoachia ikaingia sauti ya mwanamke wa Kituo cha Nne, kile cha ukingoni mwa bonde, yenye kikohozi chake cha siku zote.

"Mmesema pamoja. Huyu kasema kaa hapo hapo nakuja, na yule kasema kaa hapo hapo nakuja. Tunaomba mmoja akae kweli."

Mtu wa Kituo cha Sita alisikika akicheka, na nyuma yake kama kuna watu wengine chumbani. Bi Kilo akahisi masikio yanamchoma. Lakini saa ilikuwa inakwenda, na haya haina kilo, haiwezi kumzuia mtu asiyeipa nafasi.

"Naomba rubani aje redioni," akasema.

Rubani alikuwa mwanamke kijana asiyetabasamu kazini. "Bi Kilo, shikamoo. Najua unataka nini, na sina. Ndege umeipanga wewe mwenyewe. Nafasi iliyobaki ni kilo sifuri."

"Marahaba. Mafuta umeshatia?"

"Bado. Ndio wanaleta pipa."

"Subiri." Akamgeukia mama wa usafi. "Mama, upepo wa huku uko wapi?"

Mama wa usafi akachungulia dirishani. Juu ya mlingoti, kile kifuko cha kitambaa cha kuonyeshea upepo kilikuwa kimening'inia kama soksi kwenye kamba. "Leo haujaamka," akasema.

Miaka kumi na moja upepo ule haukukosa zamu hata siku moja, na siku ile ukakosa. Bi Kilo alirudi redioni kwa pumzi fupi. "Rubani, karatasi yako ina mafuta ya dakika sitini na tano, kwa sababu ya upepo wa mbele. Huku umelala kabisa. Kwenu vipi?"

"Na huku umelala."

"Kituo cha Nne, huko bondeni?"

"Hata jani halitikisiki."

"Basi safari ni dakika hamsini, akiba yako pale pale, usiiguse. Dakika kumi na tano pungufu, kilo tatu kila dakika, arobaini na tano. Kuna kiti cha mti kwenye mzigo, kilo thelathini na nne. Kishushe. Jumla sabini na tisa. Nakudai shukrani ya kilo moja."

Redio ilikwaruza. Sasa ilikuwa sauti nzito. "Kiti kile chenye mikono? Cha nani?"

"Chako."

"Ndicho nilichokalia kabla mlinzi hajakipakia ndegeni. Nilidhani ni cha ofisi, nikasema wenzetu wanaishi. Nakishusha."

Rubani alirudi. Sauti yake ilikuwa imelainika, ila kidogo tu. "Hesabu nimeihakiki, ni sahihi, na upepo nimeuona mwenyewe. Nakubali. Lakini nikipunguza mafuta na kushusha mzigo ulioandikwa, lazima nijaze sababu. Nipe sababu."

"Andika dharura."

"Dharura gani? Kuna mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa."

"Basi nipe kitu ambacho nikiulizwa makao makuu nitakisimamia. Nina dakika tano, Bi Kilo."

Bi Kilo alikishika kitufe bila kukibonyeza. Vituo sita vilikuwa vimenyamaza, na vituo vile havikuwahi kunyamaza hata wakati wa matangazo ya mazishi. Mama wa usafi alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni. Bi Kilo aliwaza kwamba ana miaka hamsini na mmoja na mjukuu mmoja, kwamba kesho sokoni watu watamtazama, na kwamba kesho hiyo hiyo gari litakuja hapa kumchukua mwanamume ambaye uso wake haujui. Akabonyeza.

"Andika hivi. Mpimaji wa Kituo cha Kwanza anampenda Kituo cha Pili. Kesho anachukuliwa. Asipopanda ndege hiyo sitamwona."

Aliyasema kwa ile sauti yake ya kusomea kilo, polepole, mara moja, kama mtu anayesubiri upande wa pili uandike. Halafu akaachia.

"Nimeandika," rubani akasema.

Kituo cha Nne akasikika akipenga kamasi. Kituo cha Sita akasema, "Hatimaye, jamani," na mtu nyuma yake akapiga makofi. Lakini sauti aliyoingoja Bi Kilo haikuja.

"Naye amesikia?" akauliza.

Aliyejibu ni Kamanda, akihema. "Mama, hayupo hapa. Aliposikia kiti ni chake, alitoka mbio kukishusha. Yuko nje anagombana na mlango wa mizigo."

Basi kaskazini nzima ilikuwa imesikia, vituo sita na yeyote aliyekuwa angani, isipokuwa mtu mmoja.

Ndege iliruka saa mbili na dakika arobaini. Dakika hamsini. Ni maelfu mangapi ya watu aliowaambia kwamba dakika chache si kitu, chai haipoi? Mama wa usafi alimletea chai ikapoa, akaletewa nyingine ikapoa nayo. Alinawa uso. Alifagia chumba kilichokwisha kufagiwa. Redio ilimwita kumpongeza akaipunguza sauti. Kulisema lile jambo mara moja aliweza kwa sababu mbele yake palikuwa na kitufe na ukuta wa bati. Sasa anakuja mtu mzima mwenye macho, na kama hakusikia itabidi arudie. Na kama alisikia akanyamaza, je? Hilo alilizungukazunguka kama lori na bonde, asilivuke.

Saa tatu na dakika ishirini na tisa ikatua. Walimu walishuka mmoja mmoja na maboksi yao yaliyofungwa, na kila mmoja alimtazama Bi Kilo kwa tabasamu ambalo walimu hawalitoi bure. Yeye aliwatazama wote akitafuta mtu mrefu, kifua kipana, maana sauti ile haikuweza kutoka penginepo. Wa mwisho alishuka mwanamume mfupi mwenye masikio makubwa, shati la pasi lililochafuka vumbi la mlango wa mizigo, na karatasi mkononi. Urefu wake uliishia kwenye sikio la Bi Kilo.

Wakasimama wakitazamana. Mikono hawakujua pa kuiweka.

"Habari za safari," akasema mwanamume, na ilikuwa sauti ile ile, nzima, na Bi Kilo akajikuta anacheka kwa furaha tupu kwamba sauti ina masikio.

"Karatasi ya uzito," mwanamume akaendelea, akamnyooshea. "Naomba uhakiki."

Kazi ni kazi. Akaijumlisha pale pale, ikatimia. Chini, kwenye nafasi ya sababu, kulikuwa na maandishi ya rubani, neno kwa neno kama alivyoyasema. Chini yake palikuwa na saini ya mwanamume.

"Alinikatalia kuruka mpaka nisome na kusaini," akasema. "Nimeisoma njia nzima. Nikasema labda mmenifanyia mzaha wa kustaafu. Wenzangu wote wanadai walikusikia. Mimi nilikuwa nabeba kiti."

Nyuma yao mama wa usafi alijifanya anafagia changarawe.

Bi Kilo aliikunja karatasi. Akayasema tena, safari hii akimtazama machoni, na hapakuwa na kitufe cha kuachia. "Nakupenda. Sitaki uende kusini."

Mwanamume aliyekuwa na sentensi moja kila asubuhi kwa miaka kumi na moja alikuwa nayo na leo. Macho yalimjaa machozi, na hakuyafuta.

"Basi siendi," akasema.